Kuinua Land Rover ya Zamani: Faida ya Kimo na Gharama Yake

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ulipotengwa na Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni mji wa Mpanda. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni misitu ya miombo, na baina ya misitu hiyo yamelala mabonde mapana yenye majani na udongo mweusi, ambayo huitwa mbuga. Mvua huanza mwezi Novemba, na kwa kawaida huendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo Mto Katuma hufurika, na mabonde ya Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambayo mwishoni mwa kiangazi huwa uwanda mkavu wa majani, hugeuka kuwa maji. Barabara kuu ya kutoka Tabora hadi Mpanda sasa ina lami. Lakini njia nyingi ziendazo vijijini na mashambani, pamoja na zile za Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974, zingali za udongo.

Njia za namna hiyo, kote nchini, zilipitwa kwa miongo mingi na Land Rover. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na matoleo yake ya zamani yenye springi za bamba yaliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Magari mengi ya enzi hiyo yangali hai: mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, za zamani na za sasa, zilikusanyika Arusha katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili yake.

Mwenye gari la namna hiyo, akisha kukwama mara mbili tatu katika tope, aghalabu humwendea fundi na ombi moja tu: gari liinuliwe. Ombi hilo lina maana, kwani tumbo la gari likiwa juu zaidi, vikwazo vingi hupita chini yake bila kuligusa. Hata hivyo kimo hakipatikani bure. Katika makala haya tutaonesha, kwa fizikia ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari, mambo mawili: kwanza, kwamba kuinua springi hakuinui sehemu ile ambayo hukwama kabla ya nyingine zote; na pili, kwamba kila sentimita iliyoongezwa kwenye kimo hupunguza uthabiti wa gari, na upungufu huo hujitokeza si kwenye tope bali kwenye barabara nzuri.

Udongo wa mbuga na tuta la katikati

Udongo mweusi wa mbuga una aina ya mfinyanzi ambao chembe zake zimepangana kama kurasa za kitabu. Maji huingia baina ya kurasa hizo na kuzitenganisha, na kwa hiyo udongo huvimba. Wakati wa kiangazi maji hutoka, udongo hunywea, na nyufa pana hutokea. Udongo huo ukiwa mkavu huwa mgumu kama tofali. Ukilowa hupoteza nguvu zake na kuteleza kama sabuni.

Gari zito linapopita juu ya udongo uliolowa, magurudumu huchimba mifereji miwili. Gari la pili huifuata mifereji hiyo na kuichimba zaidi, kadhalika la tatu na la nne. Katikati hubaki tuta ambalo halikukanyagwa. Baada ya siku chache tuta hilo hufikia kimo cha tumbo la gari, na hapo ndipo safari huisha.

Inafaa kueleza kwa nini huisha. Nguvu inayolisukuma gari mbele ni msuguano kati ya tairi na ardhi, na msuguano huo hutegemea uzito unaoligandamiza tairi. Tumbo la gari linapolala juu ya tuta, sehemu ya uzito hubebwa na tuta badala ya kubebwa na matairi. Matairi hupungukiwa na uzito, msuguano hupungua, na magurudumu huzunguka bure. Kadiri dereva anavyozidi kukanyaga mafuta, ndivyo magurudumu yanavyozidi kuchimba, na ndivyo gari linavyozidi kukaa juu ya tuta.

Vimo viwili katika gari moja

Ili tulielewe tatizo, hatuna budi kutazama jinsi Land Rover ya zamani ilivyojengwa. Mbele na nyuma pana ekseli moja moja, yaani mhimili mzito wa chuma uliounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Katika kila ekseli pana bonge la mviringo lenye gia ndani yake, ambalo mafundi huliita difu. Juu ya ekseli hukaa springi za bamba. Juu ya springi hukaa chesisi. Na juu ya chesisi hukaa bodi, injini, abiria na mizigo.

Kwa mpangilio huo, gari lina vimo viwili. Kimo cha kwanza ni kile cha difu kutoka ardhini, na hicho hutegemea ukubwa wa tairi peke yake. Kimo cha pili ni kile cha chesisi na bodi, na hicho hutegemea tairi pamoja na springi. Sehemu iliyo chini kabisa ni difu. Katika Land Rover fupi, ile yenye inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, nafasi chini ya difu ni kama sentimita 20. Katika ile ndefu ya inchi 109, nafasi hiyo ni karibu sentimita 25. Tofauti hiyo haikutokana na springi: gari refu lilitoka kiwandani na matairi makubwa zaidi.

Sasa tuchukue gari fupi, na tuseme fundi ameziinua springi kwa sentimita 5. Bodi imepanda, milango imepanda, na gari linapendeza kwa macho. Lakini difu iko pale pale, sentimita 20 kutoka ardhini. Tuta la sentimita 22 lililolikwamisha gari hilo wiki iliyopita litalikwamisha tena wiki ijayo.

Je, kazi ya fundi imekuwa bure? Hapana. Chesisi, bomba la moshi na tangi la mafuta vimepata nafasi kubwa zaidi. Pembe ambayo gari linaweza kupandia ukingo wa mto bila kugonga bampa la mbele au kuburuta nyuma imeongezeka. Feni ya injini nayo imepanda, na hilo ni la maana katika kuvuka maji. Tena, nafasi iliyopatikana juu ya matairi huruhusu kufungwa matairi makubwa bila kusugua bodi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari ni hili: gari lako hugusa wapi kwanza? Alama za mikwaruzo na udongo uliogandamana chini ya gari hutoa jibu bila kubahatisha.

Njia za kuinua

Njia ya kwanza ni kuongeza bamba katika springi. Ugumu wa springi hukua kulingana na idadi ya bamba zake. Tuseme springi yenye bamba 5 inabeba kilo 400 na inabonyea sentimita 10. Tukiongeza bamba la sita lililo sawa na mengine, ugumu huongezeka kwa moja ya tano, na springi hubonyea sentimita 8.3 tu. Gari limepanda kwa sentimita 1.7. Faida ni ndogo, na gharama yake ni springi ngumu. Kwenye njia ya mashimo springi ngumu haikunjuki vya kutosha kuliacha gurudumu lishuke ndani ya shimo. Gurudumu huning'inia hewani. Difu ya kawaida nayo ina tabia ya kulizungusha bure gurudumu lisilo na mzigo, huku lile lililo ardhini likisimama. Hivyo springi ngumu huweza kulikwamisha gari ambalo springi laini ingelipitisha. Bamba la ziada ni dawa ya gari linalobeba mizigo mizito kila siku. Si dawa ya tope.

Njia ya pili ni kurefusha vile vipande vya chuma vinavyobembea kwenye ncha moja ya springi. Kwa kuwa ncha nyingine haisogei, na ekseli imefungwa karibu na katikati, gari hupanda kwa nusu tu ya urefu ulioongezwa: sentimita 5 za chuma hutoa sentimita 2.5 za kimo. Zaidi ya hayo, springi hulala mshazari na ekseli huzunguka kidogo. Katika ekseli ya mbele mzunguko huo hubadilisha mwelekeo wa egemeo la gurudumu, ambao ndio unaousaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kona. Dereva ataona kwamba gari halishiki njia kama zamani.

Njia ya tatu ni kuweka tofali la chuma kati ya ekseli na springi, na kulifunga kwa bolti ndefu zenye umbo la U. Ni njia rahisi, na huinua kwa kimo chote cha tofali. Lakini breki zinapokamata, ekseli hutaka kuzunguka pamoja na magurudumu, na tofali huwa kama mpini unaoongeza nguvu ya kuipinda springi. Kwa sababu hiyo tofali haliwekwi kamwe kwenye ekseli ya mbele, ambako sehemu kubwa ya nguvu ya breki hufanya kazi.

Njia ya nne ni kufunga springi mpya zenye mpindo mkubwa zaidi. Hii ndiyo njia safi kuliko zilizotangulia, kwani huinua gari bila kuikaza springi kupita kiasi.

Njia ya tano ni matairi makubwa zaidi, na ndiyo pekee inayoiinua difu. Tairi la 6.00-16 lina kipenyo cha sentimita 72 hivi, na la 7.50-16 karibu sentimita 80. Kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, difu hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita 4. Gharama yake ni kwamba gurudumu kubwa husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko, kwa kiasi cha asilimia 11. Injini huona gari limekuwa zito, hasa mlimani. Na mshale wa mwendo unapoonesha kilomita 60 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 67.

Kitovu cha uzito

Sasa tufike kwenye gharama iliyo kubwa kuliko zote. Kila kitu kina mahali ambapo tunaweza kuuhesabu uzito wake wote kana kwamba umekusanyika hapo. Mahali hapo ndipo kitovu cha uzito. Gari likiegemea upande, halipinduki maadamu mstari uliodondoshwa wima kutoka kitovu hicho unaangukia ndani ya magurudumu. Mstari ukitoka nje ya gurudumu la chini, gari huanguka.

Waundaji wa Land Rover waliijenga chesisi kwa chuma na bodi kwa alumini. Sababu yao kubwa ilikuwa uhaba wa chuma nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa mema kwa uthabiti: kilicho kizito kilikaa chini, na kilicho chepesi kikakaa juu. Anayefunga kichanja cha chuma juu ya paa na kukijaza magunia ya mahindi huupindua mpango huo.

Hesabu yake ni fupi. Upana kati ya tairi la kushoto na la kulia ni sentimita 131, na nusu yake ni 65.5. Tukiigawa nusu hiyo kwa kimo cha kitovu cha uzito, tunapata tanjenti ya pembe ya kupinduka. Tuchukue kwa mfano kwamba gari tupu lina kitovu kwenye kimo cha sentimita 75, na kwamba lenye abiria na mizigo ya paani lina kitovu kwenye sentimita 95.

Gari tupu lisiloinuliwa: 65.5 ÷ 75 = 0.873, na pembe ni digrii 41.
Gari tupu lililoinuliwa sentimita 10: 65.5 ÷ 85 = 0.771, na pembe ni digrii 37.6.
Gari lenye mizigo lisiloinuliwa: 65.5 ÷ 95 = 0.689, na pembe ni digrii 34.6.
Gari lenye mizigo lililoinuliwa sentimita 10: 65.5 ÷ 105 = 0.624, na pembe ni digrii 32.

Hesabu hizi zinalichukulia gari kuwa gumu kama gogo. Gari halisi lina springi zinazobonyea upande wa chini, na kwa hiyo hupinduka mapema zaidi. Hata hivyo msomaji anaweza kusema kwamba digrii 32 ni nyingi. Gurudumu moja likiwa ndani ya mfereji wa sentimita 30 na lingine likiwa juu, gari huinama digrii 13 tu. Ni kweli, kwenye tope, kwa mwendo wa kobe, hatari si kubwa.

Hatari iko penginepo. Gari linapokata kona, linahitaji nguvu ya kulivuta kuelekea ndani ya kona, na nguvu hiyo hutolewa na msuguano wa matairi. Ile namba ya kugawa tuliyoipata hapo juu ndiyo pia kipimo cha nguvu ya kona inayoweza kulipindua gari, ikilinganishwa na uzito wake. Sasa tuilinganishe na msuguano. Kwenye lami kavu msuguano wa tairi unaweza kufikia 0.7 ya uzito au zaidi; kwenye udongo uliolowa huwa mdogo zaidi. Gari tupu lisiloinuliwa lina namba 0.873. Likizidishiwa mwendo kwenye kona, msuguano wa 0.7 huisha kwanza: gari huteleza, dereva hushtuka na kupunguza mwendo. Gari lililoinuliwa na kupakiwa lina namba 0.624. Hilo haliteliezi, tairi lingali limeshika lami barabara, magurudumu ya ndani huinuka, na gari hupinduka bila onyo.

Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, gari la kwanza lingefikia mpaka wa kupinduka kwenye kilomita 58 kwa saa, na la pili kwenye kilomita 49. Huo ni mwendo ambao madereva wengi huuona wa kawaida kabisa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Gari lililoinuliwa kwa ajili ya tope la mbuga laweza kushukia kwenye lami.

Mambo yanayosahauliwa

Bodi inapopanda na ekseli ikabaki chini, kila kinachoviunganisha hunyooshwa. Mipira ya breki ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Gari likiinuliwa kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie, mipira isikaze hata kidogo. Ikikaza, siku moja itakatika katika shimo, na breki zitapotea. Shokapu fupi nazo huvutika hadi mwisho na kung'oka.

Propela shafti, inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, hulala kwa pembe kali zaidi. Shafti ya sentimita 60 huongezewa karibu digrii 5 kwa kila sentimita 5 za kuinua. Shafti ya sentimita 100 huongezewa chini ya digrii 3. Ndiyo maana gari fupi huumia kuliko refu. Kiungo cha msalaba kilichopinda hakipitishi mwendo sawasawa: kwa pembe ya digrii 20, kasi ya upande wa pili hupanda na kushuka kati ya asilimia 94 na 106, mara mbili katika kila mzunguko. Viungo viwili vya shafti hufutiana kasoro hiyo maadamu pembe zao ni sawa. Ekseli ikizungushwa na kuegemea vibaya, usawa huo hupotea, na mtikisiko huanza kula viungo.

Dawa isiyo na gharama kubwa

Kabla ya kuinua gari, ipo njia ambayo inahitaji pampu tu. Mgandamizo wa tairi laini juu ya ardhi unakaribiana na upepo uliomo ndani yake. Ukipunguza upepo kwa nusu, eneo la tairi linalogusa ardhi hukua karibu mara mbili, na tairi huzama kidogo zaidi kuliko lingezama likiwa limejaa. Gari hushuka sentimita moja au mbili, ilhali hupita mahali ambapo lilikwama lilipokuwa juu. Masharti yake ni mawili: mwendo uwe mdogo, na upepo urudishwe kabla ya kurejea kwenye barabara ngumu, la sivyo tairi hupata joto na kupasuka. Koleo la kulichonga tuta la katikati, na mbao za kuwekwa chini ya magurudumu, hukamilisha vifaa.

Jaribio la darasani

Tafuta gogo la mbao lenye upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 8, na lingine lenye upana uo huo na kimo cha sentimita 12. Weka gogo la kwanza juu ya ubao, na upigilie fito nyembamba ili lisiteleze. Inua ncha moja ya ubao polepole hadi gogo lianguke kwa upande wake wa sentimita 6. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa, na ukigawe kwa umbali wa mlalo hadi ncha ya chini. Hiyo ndiyo tanjenti ya pembe. Rudia kwa gogo la pili. Matarajio ni 0.75 na 0.5. Kisha bandika kipande kizito cha chuma juu ya gogo fupi, na urudie tena.

Wanafunzi wajibu maswali haya:

1. Kwa nini chuma kilichobandikwa juu kimepunguza pembe, ingawa upana haukubadilika?
2. Gari tupu tulilolitaja hapo juu likifungwa matairi yanayoliinua sentimita 4, namba yake itakuwa ngapi?
3. Ikiwa kila tairi litasogezwa nje kwa sentimita 3, namba hiyo itakuwa ngapi? Linganisha na 0.873.

Jibu la swali la tatu litawaonesha kwa nini fundi mwenye busara, anapoongeza kimo, hufikiria upana pia. Kwa mwenye Land Rover ya zamani huko Mpanda, ushauri ni huu: pima kwanza mahali gari linapogusa, anza na matairi ya kiasi na springi nzima zenye mpindo wake wa asili, kwani springi zilizochoka huwa zimekwisha kupoteza sentimita kadhaa, usizidishe kinachohitajika, na kila sentimita unayoipandisha bodi, ipunguzie mizigo paani na mwendo konani.